Mshenzi ni nani?

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya upili huku Likoni ambayo sitaitaja jina, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili mtihani wa kufunga muhula. Swali la nne liliwataka waandike kinyume cha maneno kumi. Neno la saba lilikuwa "mstaarabu", na mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja tu: mshenzi. Swali la namna hii ni kongwe. Mimi mwenyewe nililijibu nilipokuwa mwanafunzi, na mwalimu wangu naye bila shaka alilijibu zamani zake, wala hapakuwa na aliyeona ajabu.

Binti mmoja aliandika "asiye mstaarabu". Nikatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikaendelea na karatasi nyingine.

Siku ya kurudishiwa karatasi alinijia mezani, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akaniomba ruhusa aulize jambo kuhusu swali la nne. Nikamwambia jibu lake linajulikana na darasa zima. Akainama. "Nalijua, mwalimu," akasema. "Lakini nyanya yangu hutuambia kwamba wao ndio waliokuwa wakiitwa washenzi na watu wa mjini. Nikiandika vile, nitakuwa nimemwandika yeye."

Nyanya huyo ni Mduruma, mkazi wa huko nyuma ya Mazeras. Nilimwambia binti, "Nenda ukaketi, mwanangu, nitakujibu kesho." Kesho hiyo, msomaji, ilichukua wiki tatu.

Katika majilisi ya walimu sikupata msaada mkubwa. Mkuu wa idara yetu alicheka, akaniambia kwamba mtihani wa taifa hautamwuliza mtu nyanya yake. Mwenzangu wa somo la Historia ndiye aliyenipa hoja ya kufikiriwa. Alisema kwamba maneno husahau yalikotoka. Kwamba hivi leo mshenzi ni mtu mwenye tabia mbovu, awe ametoka Lamu au Lodwar, na kwamba kumfundisha mtoto chimbuko la tusi ni kulichimbua lililokwisha kuzikwa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Nimeichukua nyumbani, nimelala nayo, na makala haya kwa kiasi kikubwa ni jibu langu kwake.

Nilianza kama ilivyo desturi ya walimu wa Kiswahili, yaani kwa kufungua kamusi. Ile ya Johnson iliyotoka mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki inamfasiri mshenzi kuwa mtu ambaye maendeleo hayajamfikia, tena mwenyeji wa asili wa nchi. Hebu tulipime hilo la pili. Katika fasiri ile mtu anakuwa mshenzi kwa kuwa alikuwako hapa kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1981, imeliondoa hilo la uenyeji, ikabakiza ukosefu wa ustaarabu na mwenendo mbaya. Baina ya vitabu hivyo viwili mna miaka 42, na neno limehama kutoka nasaba ya mtu kwenda kwenye tabia yake. Hapo nilidhani mwenzangu wa Historia ameshinda.

Lakini ukitaka kumjua mshenzi huna budi umjue jirani yake mstaarabu, kwa maana wawili hawa hufundishwa pamoja. Ustaarabu ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili haina kificho: ni kuwa kama Mwarabu, kushika mwenendo wa Waarabu. Wanahistoria wa pwani yetu, akiwamo Randall Pouwels katika kitabu chake cha mwaka 1987, wameonyesha kwamba neno hili halikuwa na nguvu zamani. Watu wa miji ya pwani walipotaka kujisifu walisema "uungwana". Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye mji, mwenye nyumba na nasaba inayojulikana. Ni katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa makao ya Masayyid wa Omani na Mombasa ikawa chini yao kuanzia mwaka 1837, ndipo ustaarabu ulipopanda cheo na uungwana ukaanza kushuka. Kipimo cha utu kikahama kutoka mjini kwetu kikaenda ng'ambo ya bahari.

Na shenzi je? Rai iliyoenea zaidi miongoni mwa wataalamu ni kwamba neno hili ni ndugu wa "Zanji", jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii, na ambalo Waajemi walilitamka "Zangi". Ndilo lililomo katika jina la Zanzibar, yaani pwani ya watu weusi. Ni kweli kwamba njia ya sauti haikunyooka: Z ya mwanzo imegeuka SH katika mshenzi, ilhali katika Zanzibar imebakia vile vile, na mwanafunzi mwerevu anaweza kumwuliza mwalimu sababu. Hata hivyo rai hiyo ndiyo yenye uzito, na tukiikubali, swali langu la nne linageuka kuwa jambo zito. Nilikuwa nikiwauliza watoto: Ni nini kinyume cha aliyefanana na Mwarabu? Na jibu nililotaka lilikuwa: mtu mweusi.

Nilipofika hapo niliifunga kamusi, nikatoka nje kuvuta pumzi.

Wala si kwamba Zanji tangu mwanzo lilikuwa tusi. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 916, aliandika kwamba Wazanji walikuwa na mfalme, walilima, walifua na kujipamba kwa chuma, tena walikuwa na wasemaji hodari waliosimama mbele za watu wakahubiri kwa lugha yao wenyewe. Lakini huko kwao Iraki Wazanji walikuwako vile vile, wakisulubika mashambani karibu na Basra, na kuanzia mwaka 869 hadi 883 walishiriki katika uasi uliotikisa dola nzima. Inawezekana kuwa tangu hapo masikio ya watu yaliyasikia maneno "Zanji" na "hatari" kwa pamoja.

Ibn Battuta alikuja mwaka 1331. Alilala Mombasa usiku mmoja, akawasifu watu wake kwa dini na misikiti yao ya mbao, kisha akashika njia ya Kilwa. Huko aliandika jambo ambalo ningependa kila mwalimu alisome mara mbili. Aliwaita wakazi wa Kilwa wenyewe Wazanji, weusi wenye chale usoni. Na katika maelezo yale yale akasema kwamba sultani wa Kilwa alikuwa akitoka kwenda kupigana na nchi za Wazanji. Basi, nani Mzanji? Kwa mgeni aliyetoka Tanja, wote. Kwa mtu wa Kilwa, yule aliye nje ya mji.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona neno hili jinsi lilivyo. Ni mzigo wa kupokezana. Mgeni alimtwika mtu wa pwani, mtu wa pwani akautua kichwani pa jirani yake wa bara, na jirani naye, kama tutakavyoona, hakukosa wa kumtwika.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya pekee ya kulitafakari hili, kwa kuwa "bara" kwetu ni neno lisilotulia. Mtu wa Kisiwani akiitaja Likoni, Kisauni au Changamwe, anasema bara. Mtu wa Likoni akimtaja jirani yake aliyetoka Kisumu au Murang'a, anasema huyo ni mbara. Na ukipanda jahazi ukaenda Unguja, watakukaribisha kwa heshima kubwa halafu watakuuliza habari za huko bara, hata kama babu zako saba wamezikwa Mji wa Kale. Nimeishi Likoni miaka mingi na kila nikipanda feri nasema naenda Mombasa, kana kwamba nilipo si Mombasa.

Mpaka wenyewe baina ya mji na bara haukuwa ukuta. Miji Kumi na Miwili ya Mombasa, yaani Thenashara Taifa, inagawanyika mafungu mawili: Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Katika hilo la pili wamo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wachangamwe! Jina la mahali ambapo hivi leo tunapataja kwa malori, mafuta na msongamano wa magari ni jina la moja ya mataifa ya waungwana wa Mombasa. Na kila taifa lilikuwa na wenzake wa kambo miongoni mwa watu wa makaya, waliosaidiana nao vitani, kwenye biashara na wakati wa njaa. Nani basi aliyekuwa mshenzi wa nani?

Hata hivyo watu wa makaya waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini. Hilo nalo ni neno la jamii ile ile. Waingereza walilipata jina la mtu katili kutokana na neno la Kilatini la msitu, na Wayunani wa kale waliwaita wageni "barbaros", kwa sababu maneno yao yaliingia masikioni kama bar-bar-bar. Ni tabia ya watu wengi duniani kudhani kwamba asiyekaa karibu hakai vizuri, na asiyesemeka hasemi. Wanyika wetu walilikataa jina hilo. Katika miaka ya 1940 walijikusanya chini ya jina walilojichagulia wenyewe, Mijikenda, na leo mtu akiandika "Wanyika" katika insha, mwalimu humsahihisha mara moja. Jina moja tulilisahihisha. Pacha wake tumemwacha katika mwongozo wa mtihani.

Kuna jambo zito zaidi, na hili nimelikawiza kwa kuwa halisemeki kwa wepesi. Katika karne ya 19 neno mshenzi halikuwa dharau tupu. Sheria ya dini haikuruhusu Mwislamu huru afanywe mtumwa. Kwa hiyo kumwita mtu mshenzi kulikuwa pia ni kueleza kwamba mtu huyo anaweza kutekwa. Waliokuja katika misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa na bara ya Tanganyika waliondoka kwao wakiwa na majina na koo. Walifika pwani wakiwa washenzi. Mtumwa aliyetoka bara karibuni aliitwa mjinga, na aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Naam, mjinga, neno hili hili tunalowatupia watoto wakikosea hesabu. (Nalo linastahili makala yake, nami si mwenye pupa.)

Ukivuka daraja la Nyali ukaingia Kisauni, utafika Kengeleni. Vijana wengi hushuka hapo kila siku bila kuuliza kengele ni ipi. Hapo ndipo Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, yakapewa jina la Bwana Bartle Frere. Kengele ilitundikwa kuwaamsha wakazi endapo wawindaji wa watumwa wangewajia tena. Watu waliolala wakiisikilizia kengele ile ndio walioitwa washenzi. Wajukuu wa wajukuu wao wako Kisauni mpaka leo, nami nimewafundisha baadhi yao. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, na mtu aliyezaliwa mwaka huo angeweza kabisa kuwa nyanya wa mwalimu wa rika langu.

Neno halikukaa pwani. Lilisafiri na misafara. Katika "Safari za Wasuaheli", maelezo yaliyokusanywa na Mjerumani Velten na kuchapishwa mwaka 1901, wasimulizi wa pwani wanawataja watu wa bara kuwa washenzi kwa utulivu kabisa, kama unavyotaja mti au mto. Lilifika Kongo pamoja na watu wa Tippu Tip, ambao huko walijiita waungwana, na ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Kilingala nacho kikalichukua neno la pili, kikasema "basenji", nao Wabelgiji wakawa na jina tayari la kumwita mwanakijiji aliyekuwa hajasoma. Wapenzi wa mbwa huko Ulaya wanamjua Basenji, mbwa mdogo wa Kongo mwenye mkia uliojikunja, aliyepelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na tangu hapo akapewa vyeti vya nasaba yake. Sifa yake kubwa ni kwamba habweki. Nimecheka peke yangu nikifikiri kwamba katika viumbe wote waliowahi kuitwa washenzi, aliyepandishwa hadhi kwa jina hilo hilo ni mbwa, tena aliye kimya.

Hapa Kenya masetla walilipokea neno hili kwa mikono miwili. Kwao chochote kilichokuwa hovyo kilikuwa "shenzi": gari shenzi, mbwa shenzi, kazi shenzi, na aghalabu mtumishi aliyesimama mbele yao. Hapo neno la pwani likapata kiboko mkononi, na likaenea katika mashamba ambako hakuna aliyewahi kuuona Mji wa Kale. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilipotoa filamu yake ya simba, fisi jike katika filamu ile alipewa jina Shenzi. Watoto wa dunia nzima wakalijifunza kutoka kwa fisi.

Sasa turudi katika sarufi, maana mimi si mwanahistoria. Kutokana na ustaarabu tunapata kustaarabika na kustaarabisha. Mtu aweza kustaarabika. Kuna njia, kuna mlango. Lakini kutokana na ushenzi watu hawanyumbui kitenzi. Hakuna asemaye kwamba fulani ameshenzika, ingawa tunawaona wanaostahili kusemwa hivyo. Lugha imeufanya ustaarabu kuwa safari na ushenzi kuwa mahali pa kuzaliwa.

Fauka ya hayo, yatazame maneno mengine tunayotumia kwa jambo hili hili la ukali na roho mbaya. Ukatili umetokana na neno la Kiarabu la kuua. Unamshitaki mtu kwa tendo la mkono wake, nao ni shitaka la haki. Unyama na uhayawani vinamsingizia mnyama, ambaye huua akiwa na njaa na hulala akishiba. Ukali ni mpana zaidi: kisu ni kikali, jua ni kali, siki ni kali, na mwalimu wa Hisabati ni mkali. Maneno haya mengine hata huvaliwa kama pambo. Mashabiki wa Simba huko Dar es Salaam huiita timu yao Mnyama kwa mapenzi, vijana wa huko wakiona jambo zuri husema ni unyama, na katika miaka ya 2010 magenge ya vijana wa Kisauni yaliyowatia watu hofu kwa mapanga yalijiita Wakali Kwanza na Wakali Wao. Lakini sijaona timu, bendi wala genge lililojiita Washenzi. Ushenzi hauvaliwi kamwe. Huvishwa mwingine.

Hapa ndipo ninapomjibu mwenzangu wa Historia. Anasema neno limesahau lilikotoka. Nami namkumbusha mwezi Agosti wa mwaka 1997.

Nilikuwa Likoni. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikaibwa, na vibanda vikateketezwa. Kwa siku na majuma yaliyofuata, watu waliotoka bara walisakwa huku Likoni na katika sehemu nyingine za pwani ya kusini. Zilikuwapo karatasi zilizosambazwa kuwaamrisha warudi kwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakayahama makazi yao. Maelfu walijisitiri katika kanisa Katoliki la Likoni, wamelala juu ya mabunda yao. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuyachunguza hayo na mapigano mengine ya kikabila nchini, na katika ushahidi ilidhihirika kwamba siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilikuwa na mkono humo. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa kandokando ya Ziwa, alijificha kwetu siku nne. Alikuwa amefundisha watoto wa Likoni miaka tisa. Alipoondoka hakurudi tena, na vitabu vyake nilivitunza hadi mchwa walipovimaliza.

Katika siku zile neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu lilikuwa hili. Nakumbuka siku za mwanzo watu walisema, "Hiki ni kitendo cha kishenzi." Nilikubaliana nao, sijui lugha ingesema nini kingine mbele ya yale tuliyoyaona. Lakini kabla ya juma kwisha, pale kivukoni na katika mabanda ya chai, KI- ilikuwa imeanguka na WA- imeingia mahali pake. Hawakusema tena kitendo cha kishenzi. Walisema "washenzi wale". Na wale walikuwa kina nani? Katika kanisa, miongoni mwa waliokimbia, washenzi walikuwa Wadigo, wote, pamoja na yule mama Mdigo aliyekuwa akipeleka uji pale kanisani kila asubuhi. Katika baadhi ya baraza za wenyeji, washenzi walikuwa wabara, wote, waliokuja kuchukua kazi na mashamba. Kila upande ulijua vizuri kabisa neno lilikotoka. Halikuwa limesahau hata kidogo. Lilikuwa limelala tu, kama mbwa asiyebweka.

Kiambishi kimoja, msomaji. Mwanafunzi akikosea upatanisho wa ngeli tunamkata alama. Lakini mtu akitoka kwenye tendo akaingia kwenye kabila kwa kubadilisha silabi moja, hakuna mwongozo wa kumsahihisha. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na mlikuwamo "madoadoa", "wakuja" na kule kuwaambia wabara waende kwao. Niliisoma orodha ile kwa makini. Ni vyema ilitolewa. Lakini orodha hushika maneno yaliyovaa sare za vita, na mengi ya maneno yetu hutembea na nguo za nyumbani, yakiingia darasani kwa hiari yetu sisi walimu, chini ya kichwa "Andika kinyume".

Sidai kwamba neno lifutwe. Lugha haifutwi kwa raba, na ipo siku utakutana na jambo ambalo hutapata jina jingine la kulipa ila hilo. Ninachokifanya darasani kwangu ni kidogo. Naliacha "kishenzi" likifuata tendo: kumpiga mjane ni kishenzi, kuchoma nyumba yenye watu ni kishenzi. Mwanafunzi akiandika "mshenzi" katika insha, sikati alama, ila ninaandika pambizoni: Alifanya nini? Wengi wao wakirudi kuandika upya, neno hutoka lenyewe na tendo hubaki. Na mtu akiniomba kinyume cha mstaarabu, namwambia anipe kwanza kinyume cha muungwana, kisha tuzungumze.

Kuhusu ile karatasi, baada ya wiki tatu nilimwita binti, nikafuta alama ya kosa mbele yake na kumpa alama yake moja. Mkuu wa idara hakupendezwa, na sikumlaumu. Alisema nikianza kumpa huyu, kesho kila mtoto atakuja na nyanya yake. Nilimwambia binti kwamba nyanya yake alinifanya nisome sana, amfikishie salamu zangu, na kama hatachoka amwulize jambo moja: Watu wa mjini walipokuwa wakiwaita wao washenzi, wao wa makaya waliwaita watu wa mjini nani? Nilitarajia tusi. Nilikuwa tayari nimeandaa daftari la kuliandika.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Alisema nyanya alicheka mpaka akakohoa, halafu akamwambia, "Mwambie mwalimu wako tuliwaita Adzomba. Na wazee wangali wanawaita hivyo."

Adzomba ni wajomba. Na kwa Waduruma na Wadigo, ambao tangu jadi walirithi sana kwa upande wa mama, mjomba ndiye mtu ambaye mali yake huja kuwa yako.